Mtu wa Papo kwa Papo Hapimwi kwa Mwendo Wake

Kwa miaka ya karibuni mafundisho ya tabia nne yametoka kwenye semina za ndoa na kuingia kila mahali. Ukifungua simu asubuhi utakuta jedwali limetumwa kwenye kundi la ukoo, kundi la wafanyakazi na kundi la vijana wa kanisani: sangwini ni mchangamfu na msemaji, koleriki ni mtawala, melankoli ni mtu wa kuwaza, flegmatiki ni mpole. Wanaolituma huambatanisha ushauri: nani aoane na nani, nani apewe uongozi, nani asiambiwe siri. Mtu anayeguswa na jedwali hili kuliko wengine wote ni yule mwepesi, anayejibu kabla swali halijaisha, anayekata shauri la safari akiwa tayari ameshika mkoba, anayecheka, kukasirika na kusamehe ndani ya saa moja. Jedwali humfanyia mambo mawili kwa mpigo. Humhukumu kwamba hafai kwa jambo lolote linalohitaji kifua, na papo hapo humkabidhi udhuru wa kudumu: ndivyo alivyoumbwa. Hoja yangu ni kwamba yote mawili ni makosa, na chanzo chake ni kimoja. Tumechukua mwendo wa mtu, jambo ambalo peke yake halimuumizi mwenzake, tukalichanganya na jambo jingine kabisa, yaani kama mtu huyo hurudi kwenye neno lake baada ya kulitamka. La kwanza ni gumu kulibadilisha na wala halina haja kubwa ya kubadilishwa. La pili hufundishika, na ndilo linaloamua kama ndoa, urafiki au ofisi itasimama.

Mafundisho yenyewe ni ya kale sana. Mizizi yake iko katika tiba ya Wayunani wa zama za Hippocrates, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, na tabibu Galen akayaendeleza katika karne ya pili baada ya Kristo: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na balghamu, kila kimoja kikidhaniwa kutawala mwili na hulka. Neno balghamu tunalolitumia wenyewe kwa makohozi lilitufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiyunani, kwa kuwa waganga wa ulimwengu wa Kiislamu waliipokea tiba hiyo na kuiendeleza. Tiba iliachana na nadharia hiyo zamani, lakini majina ya hulka yakabaki, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 washauri wa ndoa wa Kikristo nchini Marekani waliyafufua na kuyaeneza hadi kwetu. Saikolojia ya leo hupima hulka kwa namna nyingine. Inatazama vipimo vitano vipana, ukiwemo uchangamfu na umakini wa kutimiza wajibu, na kila mtu yuko mahali fulani juu ya kila kipimo, kama urefu wa mwili ulivyo. Hakuna mstari unaogawa watu kuwa makundi manne, kama vile hakuna mstari kati ya warefu na wafupi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti za hulka kati ya watu hutokana na urithi. Kwa hiyo anayesema kwamba mtu mwepesi hakujichagulia wepesi wake anasema jambo la kweli, na sina nia ya kulipinga.

Ninachokipinga ni kudhani kwamba wepesi huo ni kitu kimoja. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili, Stephen Whiteside na Donald Lynam, walichambua vipimo vya ukurupukaji vilivyokuwa vikitumika wakaonyesha kwamba chini ya jina hilo yamejificha mambo manne yasiyofanana: kusukumwa na hisia kali, kutenda bila kuwaza matokeo, kushindwa kushikilia jambo hadi mwisho, na kupenda msisimko wa mambo mapya. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Mtu anayekubali mwaliko wa kwenda Bagamoyo saa hii hii, akafika, akafurahi na watu na kurudi kazini Jumatatu kwa wakati, si sawa na mtu anayeanzisha biashara tatu kwa mwaka na kuziacha zote katikati. Wala wote wawili si sawa na yule ambaye siku zote ni mtulivu lakini akiudhiwa hutamka maneno ya kubomoa nyumba. Jirani wote watatu watawaita wakurupukaji, na jedwali la semina litawaweka kapu moja. Mwanasaikolojia mwingine, Scott Dickman, alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1990 kwamba kuna wepesi unaomfaa mwenyewe, pale ambapo kufikiri haraka kunamletea matokeo mazuri, na kuna wepesi unaomwingiza matatani. (Wapo pia watu ambao kushindwa kusubiri zamu na kudakia maneno ya wengine ni sehemu ya hali ya kitabibu iliyoanza utotoni; hao wanahitaji mtaalamu, na si haki kuwaongezea mzigo wa mahubiri juu yake.)

Sasa tuje kwenye mazungumzo yenyewe, kwa sababu shtaka la kwanza dhidi ya mtu mwepesi ni kwamba hasikilizi. Mwaka 2009 kundi la watafiti likiongozwa na Tanya Stivers lilichapisha ulinganisho wa namna watu wanavyopeana zamu katika lugha 10 za mabara mbalimbali. Kiswahili hakikuwamo, lakini matokeo yanatuhusu. Kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu, wastani wa jumla ulikuwa kama sehemu ya tano ya sekunde, Wajapani wakiwa wepesi kuliko wote na Wadenishi wakikawia kwa karibu nusu sekunde. Ubongo, kwa upande mwingine, unahitaji zaidi ya nusu sekunde kuandaa hata neno moja la kutamka. Hesabu hiyo ina maana moja tu: sisi sote, wapole na wepesi, huanza kuandaa jibu wakati mwenzetu bado anazungumza. Mtu mwepesi haendi kinyume na desturi ya mazungumzo; anaisogeza mbele kidogo, mpaka sauti yake inagusana na ya mwenzake. Mwanaisimu Deborah Tannen alirekodi chakula cha sikukuu huko California mwaka 1978, akagundua kwamba watu waliotoka New York walikuwa wakidakiana maneno kwa furaha na kuhesabu kudakiana huko kuwa ishara ya kujali, ilhali wenzao waliosubiri kimya kipatikane ndipo waseme walimaliza jioni wakiona hawakupewa nafasi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya mezani pale. Kila upande ulikuwa ukipima ukimya kwa kipimo chake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunavifahamu vipimo vyote viwili, ila tumeviwekea mahali tofauti. Msimulizi akisema "Paukwa!" na wasikilizaji wakachelewa kuitikia "Pakawa!", hadithi imekufa kabla ya kuanza. Anayesimuliwa habari asiposema "ehe" wala "naam" hudhaniwa amelala. Wakati huo huo mtu anayefika kwa mzee na kuanza shida yake kabla ya shikamoo, kabla ya habari za nyumbani, za watoto na za shamba, ameharibu shida yake mwenyewe hata kama ni ya haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na wanasayansi wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani uligundua kwamba watu hujihisi karibu zaidi na mzungumzaji anayewajibu haraka, wawe marafiki au wageni. Nadhani ndiyo maana mtu mwepesi hupata marafiki wengi katika wiki ya kwanza ya kazi mpya, na ndiyo maana pia wanaokaa naye miaka kumi huwa na malalamiko ambayo marafiki wa wiki ya kwanza hawawezi kuyaelewa. Kasi hufungua uhusiano, lakini kuutunza kunadai kitu kingine.

Katika nyumba moja ya Dar es Salaam ninayoifahamu vizuri, ujumbe uliingia kwenye kundi la ukoo saa mbili usiku. Shangazi alikuwa akiuliza nani anaweza kumpokea mtoto wa marehemu kaka yake, aliyepata nafasi ya chuo. Baba mwenye nyumba alikuwa anakula. Alisogeza sahani kidogo, akaandika kwa dole gumba la mkono wa kushoto, "Aje kwangu, hapa ni kwao," akarudi kwenye ugali wake. Mkewe alikuwa jikoni akichuja chai, na habari aliipata pale simu yake ilipoanza kuingia shukrani moja baada ya nyingine: asante mama Neema, Mungu awazidishie, mna moyo. Alisimama mlangoni na chujio bado linatiririka, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Neema, huyo mtoto atalala wapi?" Akajibiwa, "Tutapanga tu. Unanijua nilivyo." Mtoto alikuja, akalala sebuleni muhula mzima, na hakuna aliyemtendea vibaya. Lakini kwa wiki kadhaa mama mwenye nyumba alizungumza na mumewe kwa maneno ya lazima tu.

Wengi wakisikia habari hii husema mume alikosea kwa sababu aliharakisha. Sioni hivyo. Angengoja wiki nzima angejibu vilevile, kwa kuwa ni mtu mkarimu, na mkewe naye angekubali. Kilichopotea si uamuzi mzuri, maana uamuzi ulikuwa mzuri. Mke alinyimwa nafasi ya kutoa. Alishukuriwa kwa ukarimu ambao hakuulizwa, na ukarimu wa namna hiyo, hata ukiwa na baraka zote, humgeuza mtu kuwa mtumishi wa wema wa mwenzake. Hata hivyo, saa mbili na dakika tano za usiku ule bado hakuna kilichokuwa kimeharibika kiasi cha kutotengenezeka. Mume angeweza kusema, "Nimejibu kabla sijakuuliza, na haikuwa yangu peke yangu kujibu, tukae tuone tunampokeaje, na kama kuna jambo nimpigie shangazi usiku huu." Sentensi hiyo ingechukua sekunde kumi, tena mtu mwepesi ndiye angeweza kuitamka kwa urahisi kuliko mtu mzito anayejitafakari siku tatu. Badala yake alisema, "Unanijua nilivyo," na ndilo neno pekee usiku ule ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kosa. Neno hilo linafunga mlango wa kurudi, na jedwali la tabia nne linamfundisha mtu kulisema bila kuona haya.

Upande unaonipinga una hoja nzito ambayo siwezi kuipita. Wazee watasema kwamba kurudi hakutoshi, kwa kuwa yapo maneno yasiyorudika: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mzazi aliyemwambia mwanawe kwamba anajuta kumzaa anaweza kuomba radhi kila sikukuu, na mtoto ataendelea kulisikia neno lile la kwanza. Ni kweli, na hapa mgawanyo wa mambo manne unatusaidia kuona kwamba hatari hii iko zaidi katika ule wepesi unaochochewa na hisia kali, ambao unaweza kumkumba hata mtu mwenye maneno machache. Huyo ndiye anayepaswa kufundishwa kutoka nje ya chumba. Kumfundisha mchangamfu asidakie hadithi za watu mezani, kwa matumaini kwamba siku ya hasira ataushika ulimi wake, ni kumtibu goti mwenye jino bovu. Tena methali zetu hazikuegemea upande mmoja. Waliosema haraka haraka haina baraka ndio waliosema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Jamii iliyotunga methali za pande zote mbili haikuwa imechanganyikiwa. Ilijua kwamba mwendo hupimwa kwa shughuli iliyopo.

Hoja dhaifu kuliko zote hutoka kwa wanaojiita watetezi wa mtu mwepesi. Wanasema kwamba neno la kwanza ndilo la kweli, kwamba asiyechuja maneno hana unafiki, na kwamba mpole anayepima kila sentensi ana jambo analolificha. Hoja hii imepata nguvu mitandaoni, ambako kusema bila kupepesa macho kumekuwa sifa ya uongozi. Ikichunguzwa haisimami. Mtu mwenye hasira hachagui neno la kweli zaidi. Huchagua linaloumiza zaidi, na mara nyingi analijua kwa sababu mwenzake aliwahi kumweleza siri yake. Mtu mwenye furaha naye huahidi asichonacho, na ahadi yake inakuwa ya dhati kabisa pale anapoitamka, lakini dhati ya dakika moja haimlishi aliyeitegemea kwa mwezi mzima. Isitoshe, mtu anayekaa kimya akitafuta namna ya kumwambia rafiki yake kwamba amekosea, bila kumvunjia heshima, hawezi kuitwa mnafiki. Anamfanyia rafiki yake kazi. Kumsifu mwepesi kwa kumdharau mpole ni kuwadhulumu wote wawili, na kunamwacha mwepesi bila sababu yoyote ya kujifunza.

Kuna jambo ambalo majedwali hayaligusi kabisa, nalo ni cheo. Wepesi wa kusema hausamehewi kwa watu wote kwa kiwango kimoja. Bosi anayedakia maneno ya wafanyakazi wake husemwa ana maamuzi. Mfanyakazi akifanya hivyo mara moja, ameitwa ofisini. Mwanamume anayesema lolote linalomjia husifiwa kuwa mkweli, na dada yake mwenye hulka ile ile huambiwa ana mdomo, kisha huulizwa nani atamwoa. Kwa hiyo tunapomwambia mtu akubali hulka yake alivyoumbwa, tunamwambia jambo lenye gharama tofauti kulingana na nafasi yake. Wazee wetu walilishughulikia tatizo hili kwa namna ambayo naiheshimu sana. Utani kati ya makabila, kati ya babu na wajukuu, kati ya mashemeji, ulitenga mahali ambapo ulimi mwepesi ulikuwa na ruhusa, hata msibani, na mtani aliweza kumwambia mtu ukweli mkali bila kuvunja undugu. Kwa upande wa pili, posa iliwekwa mikononi mwa mshenga, ili maneno mazito yasitoke moja kwa moja kwa wenye hisia kali. Jamii haikumtaka kila mtu awe na mwendo mmoja. Ilipanga ni wapi mwendo upi unatumika, na kila mtu alipajua.

Simu imeufuta mpango huo kwa kiasi kikubwa. Kundi moja la ukoo lina mjomba, mtani, mkwe na mtoto wa kidato cha pili, na neno lililofaa kwa mtani linasomwa na mkwe. WhatsApp iliongeza uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote mwaka 2017, na uwezo wa kuhariri ndani ya dakika 15 mwaka 2023. Nyongeza hizi zinaonyesha kwamba hata waundaji wa programu wametambua kwamba watu wanahitaji kurudi kwenye maneno yao. Lakini kufuta si kurudi. Anayefuta huacha nyuma ile alama inayosema ujumbe umefutwa, na wasomaji ishirini wanabaki wakikisia. Anayerudi huliacha neno mahali pake, kisha huandika chini yake kwamba alikosea, au kwamba alisema upesi na sasa amefikiri upya. Lawama nyingi tunazozielekeza kwa simu kwamba imetufanya wakurupukaji zinapita pembeni. Wepesi ulikuwepo kabla ya simu. Lililoongezeka ni idadi ya mashahidi.

Kwa wanaoendesha semina za ndoa na mafunzo ya kazini, maana ya haya yote ni ya vitendo. Watafiti wa ndoa, John Gottman akiwa maarufu zaidi kati yao, wameeleza kwa miongo kadhaa kwamba wanandoa wanaodumu nao hugombana, ila wana njia za kurekebisha wakati ugomvi bado mbichi, na mwenzao huzipokea. Upande huo wa kupokea unahitaji kufundishwa kwa nguvu ile ile. Mwepesi akirudi saa hiyo hiyo, na mwenzake akawa bado anahitaji siku mbili za kutuliza moyo, yeye huona amekataliwa, na mwenzake huona anasukumwa kusamehe. Wachumba wanaopewa jedwali la kujua nani ni sangwini wangefaidika zaidi kwa kuulizwa maswali matatu ya kawaida: ukiudhika unahitaji muda gani kabla ya kuzungumza, ni mambo gani mwenzako asiyajibu kwa niaba yako bila kukuuliza, na mara ya mwisho ulipomwomba mtu radhi ulisema maneno gani hasa. Majibu yao yatatofautiana hata kati ya watu wawili waliowekwa kapu moja.

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ambayo mwekahazina wake alikuwa mama wa makamo, mwenye daftari la kaunta na kalamu mbili. Kikao kikipamba moto, watu wenye mioyo myepesi husimama na kutaja ahadi kubwa, laki tano, milioni, na ukumbi hupiga makofi. Yeye aliziandika zote kwa penseli. Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajazama kazini, alimpigia kila mmoja, akamsalimu vizuri, akauliza habari za watoto, ndipo akasema, "Jana ulitutajia kiasi fulani, nami nimekuandikia kwa penseli, niambie leo niandike ngapi kwa wino." Baadhi walipunguza, wengine waliacha kiasi kilekile, na nakumbuka mmoja aliyeongeza. Siku ya mwisho wa michango hakuna jina hata moja lililosomwa mbele ya watu kama mdaiwa.